Programu na Msomaji Wake

Msomaji wangu, kila andiko lina msomaji wake. Barua huandikiwa rafiki, hati ya shamba huandikiwa warithi, na insha hii imeandikwa kwa ajili yako. Sasa nakuuliza: programu ya kompyuta huandikiwa nani? Huenda ukanijibu mara moja kwamba huandikiwa mashine, kwa kuwa mashine ndiyo itakayoitii. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Mashine haina haja ya kuelewa. Kazi yake ni kutii. Mwenye haja ya kuelewa ni mtu: mwenzio atakayeirekebisha programu hiyo mwakani, mrithi wa kazi yako atakayeipokea wewe ukiwa umeondoka, au wewe mwenyewe utakapokuwa umesahau ulichokusudia. Historia nitakayokusimulia ni ya watu waliolitambua jambo hilo hatua kwa hatua, na aghalabu baada ya kuumia.

Kabla sijaanza, hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe, usije ukadhani kwamba nimekaa juu ya kiti nikiwahukumu wengine. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwalimu mgeni kazini, nilitunga programu ya kutayarisha ripoti za darasa langu la Kidato cha Pili, lenye wanafunzi 45. Programu ilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majina, yaliyopangwa kwa alfabeti. Ya pili ilikuwa ya alama, kila alama ikiwa mkabala na jina la mwenyewe. Nilipotaka kujua nani ameongoza na nani ameshika mkia, niliiamuru kompyuta ipange alama kutoka kubwa hadi ndogo. Kompyuta ikatii. Lakini haikutengeneza orodha mpya. Iliipangua ile ile ya zamani. Majina yakabaki mahali pake, alama zikahama.

Ripoti zikachapwa, zikapelekwa nyumbani. Mwanafunzi ambaye jina lake lilianza kwa herufi A akajikuta ameongoza darasa, na msichana mmoja mwenye bidii, ambaye jina lake lilianza kwa W, akapewa alama za aliyekuwa wa mwisho. Asubuhi ya pili alinijia na karatasi mkononi, macho yamevimba kwa kulia, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, alama hizi si zangu." Nyumbani walikuwa wamekwisha kumkemea. Nilikesha usiku mara mbili nikilitafuta kosa katika programu niliyoitunga kwa mkono wangu, kwa sababu vitu vyake nilivipa majina ya a, b na c, tena amri iliyoleta uharibifu ilikuwa mbali sana na mahali uharibifu ulipoonekana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Tazama basi makosa yangu yalikuwa mawili. La kwanza, niliandika maneno yasiyosomeka. La pili, nilikibadilisha kitu ambacho sehemu nyingine ya programu ilikitegemea, na msomaji hakupewa dalili yoyote. Makosa hayo mawili ni ya zamani kuliko mimi, na bidii ya kuyaponya ndiyo habari yenyewe ya insha hii.

Mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann aliandika nchini Marekani taarifa iliyoeleza umbo la kompyuta ambalo linafuatwa na mashine nyingi hata leo. Upande mmoja ipo hazina ya kumbukumbu. Upande wa pili kipo kiungo kifanyacho hesabu. Hazina ni mfano wa kabati lenye masanduku mengi, kila sanduku na nambari yake. Kazi ya mashine ni kuchukua kilichomo sandukuni, kukifanyia hesabu, na kurudisha jibu sandukuni, pengine juu ya kile kilichokuwamo kwanza. Programu za awali zilikuwa orodha ndefu za amri za namna hiyo, zilizoandikwa kwa tarakimu na vifupisho ambavyo mtu wa kawaida hangeweza kuvisoma.

Hapo ndipo anapoingia John Backus, mtu ambaye nataka umkumbuke, maana tutakutana naye mara mbili. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya IBM mjini New York. Yeye na wenzake walianza mwaka 1954, na mwaka 1957 walitoa lugha ya programu iitwayo Fortran, ambayo jina lake lina maana ya tafsiri ya kanuni za hesabu. Kwa lugha hiyo, mhandisi aliandika hesabu kwa sura iliyokaribiana na ile aliyoizoea kitabuni, na kompyuta yenyewe ikaitafsiri kuwa amri za mashine. Ilikuwa hatua kubwa kuelekea kwa msomaji. Hata hivyo, chini ya vazi jipya mwili ulikuwa ule ule: chukua, hesabu, weka sandukuni, nenda mstari fulani. Lugha zifuatazo mwenendo huo huitwa lugha za amri.

Muda mfupi baadaye ilikuja lugha ya COBOL, iliyotangazwa mwaka 1960 kwa ajili ya kazi za biashara na serikali. Ilichota mengi katika lugha ya awali ya bibi Grace Hopper, aliyeamini kwamba programu yaweza kuandikwa kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida badala ya alama za hesabu. Nia ilikuwa njema, na karani aliweza kuusoma mstari mmoja akauelewa. Lakini kuelewa mstari mmoja si kuelewa habari nzima. Mtu aweza kuyajua maneno yote ya hotuba, na bado asijue mhubiri anaelekea wapi.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa maana mto huu una chemchemi mbili. Mwaka 1936, kabla ya kompyuta za elektroniki kuundwa, wanahisabati wawili walijiuliza swali moja: je, ipo njia ya kufuatwa hatua kwa hatua, bila kufikiri, itakayojibu kila swali la hisabati? Wote wawili walionyesha kwamba haipo. Lakini ili kuthibitisha hayo, kila mmoja ilimpasa kwanza aeleze kuhesabu ni nini. Alan Turing wa Uingereza alieleza kuhesabu kwa mfano wa mashine inayosoma na kuandika alama juu ya utepe mrefu, ikifuta na kubadilisha. Alonzo Church wa Marekani hakutaja mashine wala utepe. Yeye alieleza kuhesabu kwa fankisheni tupu, akizionyesha kwa herufi ya Kiyunani iitwayo lambda.

Fankisheni ni nini? Ni kanuni inayopokea kitu na kutoa jibu, na kwa kitu kile kile jibu ni lile lile daima. Ukiuliza nusu ya 10, utajibiwa 5, leo na kesho, Mombasa na Kisumu. Tena, na hili ndilo jambo kubwa, ile 10 uliyoitoa haikupungua wala kugeuka kwa kuulizwa nusu yake. Katika ulimwengu wa Church hakuna sanduku la kufutwa. Kila jibu ni kitu kipya, na cha zamani husalia kama kilivyokuwa. Laiti ningaliufuata mwenendo huo siku ile ya ripoti, orodha ya alama isingalipanguka.

Mwaka 1958 John McCarthy, katika chuo cha MIT, alianza kuunda lugha ya Lisp, akaieleza kwa maandishi mwaka 1960. Ndani yake fankisheni yaweza kupewa fankisheni nyingine kama mtu apewavyo chombo cha kazi. Lugha hiyo ilipendwa sana na watafiti, lakini watu wengi waliochungulia ndani yake walikimbizwa na wingi wa mabano yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi mito hiyo miwili ilitiririka mbalimbali: wenye viwanda na benki wakanywa katika mto wa amri, na wataalamu wa vyuoni wakanywa katika mto wa fankisheni.

Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukikua katika lugha za amri, nao ulikuwa ugonjwa wa kuruka. Fikiri kwamba unasoma kitabu, na katika ukurasa wa 3 unaambiwa, "Nenda ukurasa wa 70", huko unaambiwa, "Rudi ukurasa wa 12", na hapo unaambiwa, "Kama kulikuwa na mvua ulipopita mara ya kwanza, nenda ukurasa wa 41." Ndivyo zilivyokuwa programu nyingi. Mwaka 1966 Waitaliano Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kwamba mirukaruko hiyo si ya lazima: hesabu yoyote yaweza kuandikwa kwa mfuatano wa amri, uchaguzi baina ya njia mbili, na marudio. Na Machi 1968 barua ya Mholanzi Edsger Dijkstra ilichapishwa katika jarida la chama cha wanakompyuta wa Marekani, ikilishutumu agizo la kuruka kuwa lina madhara.

Hoja ya Dijkstra yafaa kukumbukwa. Alisema kwamba akili zetu ni hodari zaidi katika kutazama kitu kilichotulia kuliko kukifuata kitu kinachoendelea kubadilika. Programu iliyoandikwa imetulia juu ya karatasi; kazi inayofanywa na programu hiyo huenda mbio. Basi mwandishi mwema hupunguza umbali uliopo baina ya maandishi na mwendo, hata msomaji akiweka kidole juu ya mstari aweze kujua kazi imefika wapi. Wengi walimpinga, wakasema anawanyang'anya uhuru. Lakini miaka ilipita, na lugha mpya zikalitupa agizo hilo au zikalitumia kwa nadra. Waliopoteza uhuru wa kuruka walipata uhuru wa kuelewa.

Sasa John Backus anarudi. Mwaka 1977 alipewa Tuzo ya Turing, heshima kuu katika elimu ya kompyuta, na moja ya sababu ilikuwa kazi yake ya Fortran. Oktoba mwaka huo, mjini Seattle, alisimama kutoa hotuba ya mpokea tuzo. Desturi ya siku kama hiyo ni mtu kushukuru na kuisifu kazi yake. Backus alifanya kinyume. Aliuliza kama uandishi wa programu waweza kukombolewa kutoka katika mtindo wa von Neumann, akazilaumu lugha za amri zote, na Fortran ikiwa mama yao. Alisema kwamba baina ya hazina na kiungo cha hesabu ipo njia nyembamba, na kila kitu hupita humo kimoja kimoja. Na kwamba lugha zetu zimezifunga fikira zetu zipite katika njia hiyo hiyo, tukishughulika na sanduku moja moja badala ya kuitazama kazi nzima. Akapendekeza mtindo wa fankisheni.

Ili uone alichokuwa akisema, tuchukue kazi ndogo. Nataka jumla ya alama za wanafunzi wangu waliopata 40 au zaidi. Kwa mtindo wa amri nitaandika hivi:

Weka 0 katika sanduku liitwalo jumla.
Weka 1 katika sanduku liitwalo nafasi.
Tazama alama iliyopo mahali pa nafasi.
Ikiwa alama hiyo si chini ya 40, iongeze katika jumla.
Ongeza 1 katika nafasi.
Ikiwa nafasi haijapita 45, rudia kuanzia mstari wa tatu.
Toa jumla.

Kwa mtindo wa fankisheni nitaandika hivi:

Jumla ya alama zilizochujwa, zisizopungua 40, katika orodha ya darasa.

Majibu ni mamoja. Lakini andiko la kwanza linakueleza jinsi ya kutembea, nawe wajibika kubuni mwenyewe safari inakwenda wapi. Andiko la pili linakutajia mwisho wa safari. Katika la kwanza masanduku mawili yanageuka mara kwa mara, na kama ningeandika 44 badala ya 45, mwanafunzi wa mwisho angesahauliwa bila mtu kujua. Katika la pili hakuna nafasi ya kukosea hesabu ya mwendo, na orodha ya darasa haikuguswa.

Je, ulimwengu ulimfuata Backus? Haukumfuata mara moja, wala wote hawakumfuata. Lugha za fankisheni ziliendelea kuundwa: ML, iliyotokana na kazi ya Robin Milner na wenzake mjini Edinburgh katika miaka ya 1970, na Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990 na kuitwa kwa jina la mwanahisabati Haskell Curry. Lakini wengi walikuwa na programu za zamani wasizoweza kuzitupa, na walikuwa na mazoea, ambayo ni magumu kutupa kuliko programu. Basi kilichotokea ni kile kinachotokea katika lugha za wanadamu pia: lugha za amri ziliazima. Kama Kiswahili kilivyopokea maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza kikabaki Kiswahili, ndivyo na lugha hizo zilivyopokea mambo ya fankisheni zikabaki lugha za amri.

Oktoba 2000 lugha ya Python, iliyoundwa na Mholanzi Guido van Rossum, ilipokea kutoka Haskell namna ya kuunda orodha mpya kwa kueleza vilivyomo, kwa sentensi moja. Mwaka 2007 lugha ya C# ilipata njia ya kuchuja na kupanga orodha kwa mtindo huo. Mwaka 2011 C++ ilipokea fankisheni zisizo na jina, zinazoitwa lambda kwa kumbukumbu ya herufi ya Church. Na Machi 2014 Java nayo ikazipokea, baada ya miaka karibu 20 ya kuishi bila hizo. Kulikuwa na sababu nyingine pia iliyoharakisha mambo. Katika miaka ya 2000 watengenezaji walianza kutia viungo vya hesabu viwili, vinne na zaidi ndani ya kompyuta moja ya kawaida. Wafanyakazi wawili wakiandika ndani ya sanduku moja kwa wakati mmoja, mmoja humharibia mwenzake; lakini vitu visivyobadilishwa vyaweza kusomwa na wengi pasipo ugomvi.

Msomaji, usidhani sasa kwamba nakuambia, "Tupa amri, shika fankisheni, nawe utakuwa umeokoka." Historia yenyewe inatuonya. Katika Python ilikuwapo fankisheni iitwayo reduce, ambayo hukunja orodha nzima mpaka ikawa jibu moja. Wajuzi waliipenda. Mwaka 2005 van Rossum mwenyewe aliandika kwamba kila alipoikuta imepewa kazi ngumu ilimbidi achukue kalamu na karatasi, achore kinachoingia na kinachotoka, ndipo aelewe. Fikiri: muunda lugha anashindwa kusoma lugha aliyoiunda! Kwa hiyo katika toleo la mwaka 2008 fankisheni hiyo iliondolewa sebuleni ikapelekwa ghalani, ambako mwenye kuitaka hana budi kwenda kuiomba. Jumla, ambayo ndiyo kazi iliyokuwa ikitumiwa sana, ilikwisha kupewa jina lake lenyewe, na kila mtu alilielewa.

Funzo lake ni wazi. Mtu aweza kuandika fankisheni ndani ya fankisheni ndani ya fankisheni, mstari mmoja mrefu kama kamba ya jahazi, akajisifu kuwa amefupisha. Amefupisha maandishi, lakini amerefusha kazi ya msomaji. Kwa upande mwingine, marudio ya mistari mitatu, yenye sanduku dogo lililofunguliwa na kufungwa ndani ya fankisheni moja, hayamdhuru jirani yeyote, na pengine husomeka vizuri kuliko fumbo. Tena kutengeneza orodha mpya kila mara hula nafasi katika hazina, na zipo kazi ambazo haziwezi kuvumilia gharama hiyo. Uzuri wa mtindo haumo katika jina lake. Umo katika nuru anayoipata msomaji.

Kutokana na safari hii ndefu naona mambo matatu ya kushika mkononi. La kwanza, kipe kila kitu jina linaloeleza kazi yake; herufi a haikumwambia mtu kitu kamwe. La pili, usibadilishe kitu ambacho wengine wanakitegemea. Tengeneza kipya, au ikiwa huna budi kubadilisha, fanya hivyo mahali padogo panapoonekana. La tatu, ikiwezekana, taja kinachotakiwa kabla ya kueleza hatua za kukipata, na ukomee pale ambapo msomaji angeanza kutafuta kalamu na karatasi.

Nami niliyafanya hayo. Niliifuta programu yangu, nikaiandika upya. Kila alama niliifunga pamoja na jina la mwenyewe, hata isiweze kuhama peke yake. Na orodha iliyopangwa ikawa orodha nyingine, yenye jina lake, ile ya kwanza ikabaki salama. Nilichapa ripoti 45 upya, na ile ya msichana yule niliipeleka kwao mwenyewe kwa miguu, nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alikuwa wa tatu darasani.

Hayo yalikuwa makosa ya karatasi, na yalirekebishika. Lakini leo programu hushika mambo makubwa kuliko ripoti. Tangu mwaka 2007 Wakenya wametumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa. Programu huongoza ndege na hupima dawa za wagonjwa. Kila mojawapo itasomwa siku moja na mtu mwenye haraka na hofu, akilitafuta kosa usiku wa manane. Huenda mwandishi wa baadhi ya programu hizo akawa wewe usomaye ukurasa huu. Siku hiyo, kabla hujaweka kalamu chini, soma tena ulichoandika kwa macho ya mtu huyo, kisha ujiulize kama umemwachia taa au giza.